Askofu James Hannington, Mfungwa wa Busoga

Mtu ambaye habari zake zasimuliwa hapa alizaliwa Uingereza tarehe 3 Septemba 1847, katika kijiji kiitwacho Hurstpierpoint, si mbali na mji wa Brighton ulio kando ya bahari. Jina lake James Hannington. Baba yake alikuwa mfanyi biashara mwenye duka kubwa huko Brighton, na watoto nyumbani mwake walikuwa wengi. James tangu utoto wake alikuwa mtundu, mwenye mbio, asiyeweza kukaa kitako. Alipenda kupanda miti, na kukusanya wadudu na mawe na majani ya kila namna. Siku moja alitaka kuwaunguza nyigu katika kiota chao, akatengeneza baruti kwa mikono yake mwenyewe. Baruti ile ikalipuka kabla ya wakati wake, ikamharibu kidole gumba cha mkono wa kushoto, hata ikapasa kikatwe. Wasomaji na wakiweke moyoni kidole hicho, maana kilipokwisha kupita miaka mingi, mbali sana na Hurstpierpoint, kilikuja kusema habari za mwenyewe mahali ambapo yeye hakuweza kufika.

Shuleni hakukaa sana. Alipotimia miaka 15 alitiwa katika ofisi ya biashara ya baba yake, akafanya kazi ile miaka kadha wa kadha, walakini moyo wake haukuwa katika vitabu vya hesabu. Mwisho aliomba ruhusa kwenda Oxford kusoma apate kuwa kasisi, na mwaka 1874 akawekwa kuwa shemasi. Kwanza alitumwa katika nchi ya vilima upande wa magharibi wa Uingereza, akawa akizunguka juu ya farasi mdogo kuwatazama wagonjwa na wakulima; kisha akarudi kwao Hurstpierpoint kulitunza kanisa dogo la pale. Alioa, akapata watoto. Mtu aliyemwona siku zile angalidhani ya kuwa atazeeka katika kijiji kile kile alichozaliwa.

Mwezi wa Desemba 1877 Wazungu wawili wa misioni, Shergold Smith na O'Neill, waliuawa katika kisiwa cha Ukerewe, ndani ya ziwa kubwa la Nyanza. Habari zile zilipofika Uingereza zilimwingia Hannington, zisimtoke tena. Baada ya miaka michache alijitoa kwenda kufanya kazi mahali pao, na Mei 1882 akaingia melini pamoja na wenzake. Walishuka Unguja, wakavuka bara, wakashika njia ya misafara ipitayo Mpwapwa na Uyui, karibu na Tabora. Huko Uyui aliugua kuhara damu, hata wenzake wakadhani ya kuwa hapati kupona. Hata hivyo akajikokota mpaka ziwani, lakini ugonjwa ulimshinda, akachukuliwa kwa machila safari yote ya kurudi pwani. Juni 1883 alikuwa amefika kwao tena, mwenye mwili uliokonda. Waganga walimpima, na alipopata nguvu wakakubali arudi Afrika. Tarehe 24 Juni 1884 akawekwa kuwa Askofu wa Afrika ya Mashariki, naye umri wake miaka 36.

Alifika Mombasa Januari 1885. Kando ya bahari, ng'ambo ya kisiwa, palikuwa na mji wa Frere Town, uliojengwa kwa ajili ya watumwa waliookolewa katika majahazi ya wafanyi biashara. Askofu hakukaa sana mjini. Mwezi wa Machi alifunga safari kwenda bara kutazama Taita na Uchaga, kwa miguu, kama ilivyokuwa desturi yake. Na mwendo wake ulikuwa wa haraka, hata wapagazi walipata taabu kumfuata. Taita aliikuta katika njaa kali, kwa sababu mvua zilikuwa zimekosa. Kutoka huko alipita nyika kavu, akafika Taveta penye msitu na maji, akaona mbele yake mlima wa Kilimanjaro.

Ninyi mkaao Machame, au Marangu, au Uru, mmeuona mlima huo kila asubuhi tangu kuzaliwa kwenu, tena pengine hamwinui macho kuutazama. Kwa mgeni atokaye nyika si hivyo. Amekwenda siku nyingi katika miiba na vumbi, akipimiwa maji ya kunywa. Mara apanda kilima, akaingia katika kivuli cha migomba, akasikia maji yakilia katika mifereji iliyochimbwa na watu, akaona kila kihamba na ua wake, na nyumba zilizoezekwa kwa nyasi mpaka chini, na juu ya hayo yote theluji ya Kibo. Hivyo ndivyo Hannington alivyoiona Moshi, yaani Moshi ya Kale iliyo juu mlimani, maana mji wa leo ulio chini uwandani ulikuja pamoja na reli, karibu miaka 30 baadaye.

Mangi wa Moshi siku zile alikuwa Rindi, ambaye watu wa pwani walimwita Mandara. Alikuwa mtu wa jicho moja, hodari kwa vita na kwa maneno, aliyejua kuwapima wageni wake. Charles New, mmisionari aliyefika kwenye theluji ya Kilimanjaro mwaka 1871, aliporudi Moshi mara ya pili alinyang'anywa mali zake na Mandara huyo huyo, akafa njiani akirudi pwani. Askofu alizijua habari hizo, walakini alikwenda. Mandara alimpokea vema. Alitaka bunduki, na mafundi wa kuwafundisha watu wake kazi za mikono; Askofu alitaka mahali pa walimu. Wakapatana ya kuwa walimu waje, na mwaka ule ule wakaja Fitch na Wray kukaa Moshi.

Na hapa lazima msomaji aangalie sana, maana bila jambo hili mambo ya mbele hayafahamiki. Mwaka 1885 Askofu hakuwa mgeni peke yake aliyepanda Kilimanjaro. Baada yake alifika Mathews, jemadari wa Sultani wa Unguja, akiwa na askari, akatweka bendera ya Sultani. Na baada ya Mathews, mwezi wa Juni, alifika Mjerumani jina lake Jühlke na karatasi ya mapatano, Mandara akatia alama yake. Tangu Februari Kaizari wa Ujerumani alikuwa ametoa hati ya kuzishika nchi za Usagara na jirani zake. Katika miezi sita nchi zilibadilika wenyewe, na wenyeji wengi hawakujua. Walakini habari za namna hii hukimbia. Zilikwenda kwa vinywa vya wafanyi biashara, kambi kwa kambi, mpaka zikafika Buganda.

Askofu naye alikuwa akifikiri njia. Ile njia ya kusini aliyopita mwaka 1882 ilikuwa ndefu, tena ya homa. Joseph Thomson, Mskoti, alikuwa amepita katika nchi ya Wamasai mwaka 1883 na 1884, akafika karibu na ziwa kwa upande wa kaskazini. Hannington aliona ya kuwa njia hiyo ni fupi na hewa yake ni nzuri. Hayo yote yalikuwa kweli. Mtu aliyetazama ramani tu angalimsifu. Lakini ramani haikuonyesha mioyo ya watu waliokaa mwisho wa njia.

Kabaka wa Buganda alikuwa Mwanga, kijana aliyetawazwa Oktoba 1884 baada ya kufa baba yake Mutesa. Waganda walikuwa na neno la kale, ya kuwa watakaoila nchi yao watatokea mashariki, kwa mlango wa Busoga. Mwanga alisikia ya kuwa Wadachi wanazitwaa nchi za pwani, naye aliwaogopa wakuu wake mwenyewe, na wale vijana wa jumba lake waliokuwa wakijifunza kusoma kwa wamisionari. Januari 1885 vijana watatu wa misioni walikuwa wamekwisha kuuawa kwa amri yake. Wala si haki kusema ya kuwa hofu yake haikuwa na sababu, kwa kuwa nchi nyingi zilitwaliwa kweli katika miaka ile, na yake mwishowe ikatwaliwa pia. Ubaya ulikuwa katika namna alivyoitumia hofu ile.

Katika Buganda walikaa wamisionari Waingereza watatu: Alexander Mackay, fundi mhandisi aliyekuwapo tangu 1878, na Ashe, na O'Flaherty. Walipopata habari ya kuwa Askofu anakusudia kuja kwa njia ya mashariki walishikwa na wasiwasi, wakaandika barua kumwonya asikanyage Busoga. Lakini fikirini safari ya barua siku zile. Hapakuwa na posta bara. Barua ya Buganda ilivushwa ziwani kwa mtumbwi mpaka kusini, ikangoja msafara, ikapelekwa Tabora, ikangoja tena, ikashuka pwani, ikapanda jahazi kwenda Unguja na Mombasa. Hayo yote ni kazi ya miezi mingi. Onyo lile lilikuwa likizunguka kwa kusini, na huku mwenyewe amekwisha kuondoka kwa kaskazini. Halikumkuta.

Aliondoka Rabai Julai 1885 pamoja na watu 200. Msaidizi wake mkubwa alikuwa William Jones, Mwafrika aliyepata kuwa mtumwa, akaokolewa na kusomeshwa Bara Hindi. Askofu alikuwa amemweka kuwa shemasi mwaka ule ule. Wakapita Ukambani na Kikuyu na nchi ya Wamasai, wakavumilia njaa na kiu na vitisho. Katika safari hiyo Askofu aliliona lile ziwa la maji ya moto na korongo, ambalo kwa miaka mingi liliitwa Hannington, na leo katika Kenya laitwa Bogoria. Mwezi wa Oktoba wakafika Kwa Sundu, ndiyo Mumias ya sasa. Hapo Askofu akaugawa msafara. Akamwacha Jones na watu 150 wangoje, na tarehe 12 Oktoba yeye akaendelea na watu 50 tu, apate kwenda upesi.

Alifika Busoga, katika mji wa mkuu aitwaye Luba, aliyekuwa chini ya Kabaka. Tarehe 21 Oktoba alitoka kutembea mlimani, apate kutazama maji ya Nyanza. Mara wakamrukia watu kama ishirini, wakamwangusha, wakamburuta kwa miguu na mikono katika mawe na miiba. Nguo zikararuka. Yeye alidhani ni wanyang'anyi, na ya kuwa watamtupa gengeni. Wakampeleka ndani ya kibanda kikubwa chenye giza, kisicho na dirisha, wakamwekea walinzi. Watu wake nao wakakamatwa, wakafungwa mahali mbalimbali.

Kifungo kile kilidumu siku nane. Ndani ya kibanda mlijaa walinzi na watu wa nyumba, wakipika na kunywa pombe na kupiga kelele mchana na usiku. Moshi ulikuwa mwingi, panya walipita juu ya mtu aliyelala, na wadudu hawakumpa usingizi. Tangu siku za kwanza alishikwa na homa, na viungo vilimwuma kwa kule kuburutwa. Wake wa Luba na watu wengine wengi walikuja kumtazama, kama watu watazamavyo mnyama mgeni. Baadaye aliruhusiwa kuletewa kitanda chake na vitabu vyake, na mpishi wake akapata nafasi ya kumhudumia. Hayo ni mambo madogo. Walakini mtu aliyepata kuugua mbali na kwao ajua thamani ya mkono mmoja uujuao, umpao maji.

Katika mfuko wake alikuwa na kitabu kidogo cha kuandikia habari za kila siku. Katika kitabu hicho aliandika siku zote nane, kwa herufi ndogo ndogo, hata mkono ulipotetemeka kwa homa. Hakuwa na mtu wa kumpelekea maandishi yale. Aliandika kama aandikiaye rafiki ambaye barua hazimfikii bado. Tumaini lake lilikuwa hili, ya kuwa ndugu zake wa Buganda wapate habari ya kuwa yuko kifungoni, maana aliamini ya kuwa wakijua watamwombea kwa Kabaka. Kutoka mji wa Luba mpaka mji wa Mwanga ni safari ya siku chache tu. Miezi yote ile alikuwa ametembea kuwaelekea, na sasa walikuwa karibu hivi, wala hakuna aliyeweza kupita.

Tumgeukie Mackay. Wajumbe wa Luba walifika kwa Mwanga na habari ya kuwa Mzungu ametokea Busoga, mtu mrefu, naye amekosa kidole gumba. Maneno haya yalisemwa ndani ya jumba la Kabaka, mbele ya wakuu, na vijana watumishi walikuwapo wakisikiliza. Baadhi ya vijana hao walikuwa wanafunzi wa misioni. Tarehe 25 Oktoba wakatoroka kumwambia Mackay ya kuwa mgeni amefungwa, na ya kuwa wakuu wamemshauri Kabaka amwue. Mackay na Ashe walipoisikia habari ya kile kidole hawakuwa na shaka tena mfungwa ni nani. Basi alama ya baruti ya utotoni ndiyo iliyokuwa waraka wake, na watoto wa jumbani ndio matarishi.

Msidhani ya kuwa lilikuwa jambo jepesi. Mtumishi aliyetoa siri ya Kabaka alijua malipo yake. Hapakuwa na fedha waliyoahidiwa, wala hawakupata kumwona Askofu kwa macho yao hata siku moja. Walikwenda usiku wakasema, wakarudi kazini kabla hawajaulizwa.

Mackay na Ashe walikwenda mbio mpaka jumbani kuomba kumwona Kabaka. Hakutaka kuwaona. Wakarudi tena siku ya pili, na siku iliyofuata, wakakaa langoni wakingoja, wakafukuzwa. Kulikuwa Buganda na mapadre Wafaransa wa Kikatoliki, nao na Waingereza hawakupendana. Dini zao zilishindana kwa wanafunzi na kwa heshima ya mfalme. Walakini katika jambo hili Mackay aliuweka ugomvi kando, akaomba msaada kwao, na Padre Lourdel, ambaye Waganda walimwita Mapera, akakubali kwenda kumwombea mtu asiye wa kanisa lake. Mimi nafikiri kitendo hiki cha Lourdel kimesimuliwa mara chache mno katika vitabu vya upande wetu. Lakini maombi yao wote hayakufaa. Amri ilikuwa imekwisha kutoka, na wenye kuichukua walikuwa njiani kwenda Busoga.

Usiku wa tarehe 28 kuamkia 29 fisi alilia karibu na kibanda, na mgonjwa aliandika habari yake, kwa kuwa fisi hunusa mtu aliye dhaifu. Tarehe 29 Oktoba aliandika mistari michache tu: ya kuwa hakusikia habari yo yote, na ya kuwa Zaburi ya 30 ilimtia nguvu. Siku ile walimtoa nje. Alidhani ya kuwa anafunguliwa aendelee na safari yake. Wakampeleka mahali pa wazi ambapo watu wake walikuwa wamesimama, wamefungwa, ndipo alipofahamu. Akauawa, na baada yake wakauawa watu wake kwa mikuki. Kati ya wale 50 waliopona ni wanne. Askofu alikuwa mtu wa miaka 38.

Wale wengine walikuwa watu wa pwani, wenye wake na watoto. Vitabu vingi humtaja Askofu, na hao vyawapita kwa neno moja tu, kana kwamba walikuwa mizigo waliyoichukua. Walifungwa siku zile zile nane, wala hapakuwa na Mzungu wala Mwafrika langoni kwa Mwanga aliyejua majina yao ayataje.

Habari ya kifo ilipofika Buganda mwisho wa mwezi, hatari iliwageukia wale waliojaribu kusaidia. Mwanga aliwaita wamisionari, akataka kujua ni nani aliyewaambia siri ile. Aliwatisha, akawauliza tena na tena. Wakakataa kusema. Walijua ya kuwa jina moja tu likitoka midomoni mwao, kijana atachomwa moto. Hivyo mfungwa hawakuweza kumwokoa, lakini wale waliomletea habari walisitirika kwao.

Yusufu Mukasa Balikuddembe, Mkatoliki, aliyekuwa mkubwa wa watumishi katika jumba la Kabaka, alithubutu kumwambia Mwanga mwenyewe ya kuwa kumwua yule mgeni kulikuwa kosa. Tarehe 15 Novemba 1885 akauawa kwa sababu ya maneno hayo pamoja na mambo mengine. Mwaka uliofuata vijana wengi wa jumbani, Wakatoliki na Waprotestanti, walichomwa moto Namugongo. Huenda kati yao walikuwamo waliokwenda kwa Mackay usiku ule.

William Jones alikuwa akingoja Kwa Sundu na watu wake 150. Wale wanne waliookoka walimfikia na majeraha yao, wakamsimulia. Jones hakusadiki kwa urahisi. Alikaa karibu mwezi mzima akitumaini kupata habari nyingine. Zilipokosekana aliwageuza watu, akawaongoza njia ile ndefu ya kurudi, bila Mzungu, na vyakula vimepunguka. Februari 1886 walionekana wakishuka Rabai. Mbele yao palichukuliwa bendera ya kibuluu, iliyoshonwa kwa herufi nyeupe neno moja la Kiebrania, Ikabodi, maana yake utukufu umeondoka. Wanawake walitoka mbio kuwalaki, kila mmoja akitafuta uso wake. Wengine hawakuuona.

Kile kitabu kidogo hakikupotea. Kilichukuliwa pamoja na vitu vya Askofu na mmoja wa wauaji, kikaangukia mikononi mwa Wakristo wa Buganda, wakakinunua, wakakileta kwa wamisionari, na mwaka 1888 maneno yake yakapigwa chapa Uingereza. Basi barua ile isiyokuwa na tarishi ilifika, ingawa mwandishi alikuwa amekwisha kufa. Tena katika mizigo yake ya safari za Afrika palikuwa na mimea midogo mfano wa ukoga, ile iotayo juu ya mawe na magome ya miti, aliyoikusanya njiani kama alivyofanya utotoni. Mimea hiyo ilitazamwa na Mitten, muuza dawa wa kijiji chake cha Hurstpierpoint, aliyekuwa bingwa wa elimu hiyo, naye akaandika habari zake mwaka 1886.

Mackay alikaa Buganda mpaka 1887, akiwa peke yake kwa muda mrefu, kisha akatolewa, akahamia kusini ya ziwa, akafa huko Usambiro Februari 1890. Misioni ya Moshi aliyoianzisha Hannington ilidumu mpaka 1892. Mandara alikuwa amekufa mwaka 1891, na mwanawe Meli akapigana na Wadachi. Wamisionari Waingereza wakashukiwa, wakahamia Taveta. Mwaka 1893 wakaja Walutheri wa Leipzig, wakaanza Machame. Meli alinyongwa Moshi tarehe 2 Machi 1900 pamoja na wakuu wengine.

Mifupa ya Askofu ilitafutwa, ikaletwa Buganda, ikazikwa kwa heshima Namirembe tarehe 31 Desemba 1892. Mwanga alikuwapo kwenye maziko. Baada ya miaka michache aliondolewa katika ufalme, akapigana na Waingereza, akashikwa mwaka 1899, akapelekwa katika visiwa vya Seychelles, mbali katika bahari ya Hindi. Huko alibatizwa, akaitwa Danieli. Alikufa mfungwa mwaka 1903, na mwaka 1910 mifupa yake ikarudishwa kwao, ikazikwa Kasubi pamoja na baba yake.

Luba alibaki katika mji wake. Mwana mmoja wa Hannington, alipokuwa mtu mzima, alikuja Busoga kuwa kasisi. Kati ya watu aliowabatiza kwa mkono wake alikuwamo mwana wa Luba.